Vipepeo wanalihama joto: wa Ulaya wanakwenda kaskazini, wa milimani wanapanda juu, wetu wa Unguja na Pemba watakwenda wapi?

Uwandani

Asalaam alaykum wana barza, nawaomba mnivumilie maana uzi utakuwa mrefu. Kila tukiongea mambo ya tabianchi hapa Zanzibar tunaongea matumbawe yanayokufa, bahari inayokula fukwe, maji ya chumvi yanayoingia kwenye mabonde ya mpunga Pemba. Yote kweli na yote mazito. Ila kuna viumbe wadogo hatuwataji kabisa nao wanalihisi joto kabla yetu sie, vipepeo.

Kipepeo mwili wake haujipashi moto wenyewe, anategemea jua. Ukiamka mapema wakati wa kipupwe ukapita pembeni ya konde utamkuta yuko juu ya jani mbawa kazitandaza zote anaota jua, mpaka misuli ipate moto ndo aruke. Sasa hapo watu wanadhani basi joto likizidi ni kheri kwake, sivyo. Likipita kiasi anakunja mbawa, anaingia chini ya majani anatulia, na muda wote aliotulia hali, hatafuti mwenzake, jike hatagi. Halafu kuna yai. Yai lake ni dogo mno, limebandikwa juu ya jani, na jani lililopigwa na jua linapata moto kuliko hata hewa iliyolizunguka, likikaa mchana kutwa kwenye jua la kaskazi mvua imechelewa linakauka hapo hapo, hapatoki kiwavi wala nini.

Ndo mana watafiti wanamtazama sana. Mwaka 1996 Camille Parmesan alichapisha kazi yake ya kumfuatilia kipepeo mmoja wa magharibi ya Amerika Kaskazini, Euphydryas editha, kuanzia Mexico mpaka Canada. Alizipitia sehemu ambazo zamani aliwahi kurekodiwa akaangalia wapi bado yupo na wapi hayupo tena, na zile sehemu zilizojengwa au kuharibiwa akaziweka pembeni ili asichanganye mambo. Kule Mexico walikuwa wametoweka mara nne zaidi kuliko Canada, na wa sehemu za chini wametoweka kuliko wa milimani. Mwaka 1999 akarudi na wenzake na vipepeo wa Ulaya, aina 35 wasiokuwa na safari za kila mwaka, wakakuta asilimia 63 ya aina hizo mpaka wa maeneo yao umesogea kaskazini kwa kilomita 35 hadi 240 ndani ya karne ya 20. Waliosogea kusini asilimia 3 tu. Hapo hakuna bahati nasibu.

Mtasema hayo ya nchi za baridi. Haya njooni Borneo, kwenye joto kama letu. Mlima Kinabalu, mwaka 1965 watafiti walipanda wakakamata nondo, wale ndugu wa vipepeo wanaoruka usiku, kwenye vituo mbali mbali vya mlima, mwaka 2007 mlima ule ule ukapandwa na nondo wakakamatwa tena, aina 102 zikalinganishwa. Kwa wastani walikuwa wamepanda mita 67 juu. Hakuna aliyewafukuza, msitu ule umehifadhiwa, wamelikimbia joto tu.

Sasa swali langu mie ni hili. Kwetu hakuna mlima. Masingini ndo juu yetu kabisa Unguja na haifiki hata mita 150 kutoka usawa wa bahari, Pemba ina vilima vingi lakini ni vifupi. Hewa inapoa kama nyuzi 6 kwa kila mita 1000 unazopanda, sasa piga hesabu, kipepeo wa Unguja akipanda mpaka mwisho wa kisiwa hapati hata nyuzi 1 ya nafuu. Na kaskazini kwake ni Nungwi, halafu bahari. Atakwenda wapi?

Mie jibu langu ninalo ila nataka kwanza nisikie wengine, hasa walioko shamba na wa Pemba.

Kaka wa Machui

Waalaykum salaam. Shekhe nimesoma mpaka mwisho na nakuheshimu kwa kuandika, lakini mie nnapinga. Tatizo la huku sio joto, tatizo ni panga. Nimekulia huku shamba, tulipokuwa wadogo kulikuwa na vichaka kila upande baina ya mashamba, sasa hivi ni viwanja, mawe ya mipaka, matofali. Sehemu za maweni watu wanakata kuni, wanachoma makaa, wanachoma chokaa, kichaka kinakatwa kabla hakijarudi vizuri kinakatwa tena. Kipepeo atakaa wapi? Na dawa pia, mtu ana matuta mawili ya tungule anapiga dawa kama anapiga vita. Tukianza kulaumu joto la dunia basi kila mtu anajiosha mikono, anasema haya makosa ya viwanda vya Ulaya na China, sie hatuna la kufanya. Hilo ndo linaloniudhi.

bint_Tumbe

Niko Pemba nataka kuchangia. Huku kwetu mvua ndo zimekuwa hazieleweki, vuli inaweza ikachelewa mpaka watu wakate tamaa halafu inakuja kwa mpigo mmoja inang'oa kila kitu, kama ile ya 2019 na ile ya mwisho wa 2023. Bibi yangu alikuwa akisema mvua za mwanzo zikishuka tu vipepeo weupe na wa manjano watajaa njiani, na kweli tulikuwa tunawaona wanapita makundi kwa makundi upande mmoja wote, watoto tunawafukuzia. Siku hizi wanakuja lakini wakati haueleweki.

Nilikwenda msitu wa Ngezi na wanafunzi, ukiwa barabarani nje kumekauka unatoka jasho, ukiingia ndani tu chini ya ile miti mikubwa hali inabadilika, kuna ubaridi na unyevu, na humo ndani ndo unawaona wale vipepeo wa kahawia wanaoruka chini chini karibu na majani makavu hawataki kutoka juani kabisa. Nilisimama kwenye ukingo wa msitu nikamtazama mmoja, anakuja mpaka pale kivuli kinapoishia halafu anageuka anarudi. Mara nyingi tu alifanya hivyo.

Na swali kwa kaka Uwandani, ni kweli kuna kipepeo ana jina la Pemba?

Uwandani

Dada bint_Tumbe kweli kabisa, anaitwa Charaxes pembanus, alipewa jina hilo mwaka 1925. Wa jamii ya Charaxes ni wale wenye mwili mnene wanaoruka kwa nguvu na kasi, hawahangaiki sana na maua, wao wanapenda matunda yaliyochacha, utomvu wa miti, hata kinyesi cha mnyama. Ukiweka ndizi mbivu iliyochachuka kwenye mtego wa nyavu unawapata.

Na Pemba ni habari ya peke yake. Unguja iko juu ya ukingo wa bara, mkondo wa baina yetu na Bagamoyo ni wa kina kifupi, zama za barafu bahari iliposhuka watu na wanyama wangeweza kutembea kwa miguu. Pemba sivyo, mkondo wa Pemba unashuka zaidi ya mita 800, kisiwa kile kimekaa peke yake muda mrefu sana. Kwa hiyo kipepeo wa msituni aliyeko Ngezi joto likimshinda hakuna wa kumpokea jirani, na akitoweka hakuna atakayevuka kuja kujaza nafasi yake. Sio wote, wale weupe na wa manjano uliowasema wanavuka bahari bila taabu, na kuna Vanessa cardui ambaye safari zake zinatoka Ulaya zinakatisha jangwa la Sahara mpaka Afrika ya kitropiki, huyo bahari ya Pemba si kitu. Lakini yule uliyemuona anageuka pale kivuli kinapokwisha, dada, yule havuki hata barabara ya lami. Kwa yule barabara ndo bahari.

Sasa nije kwa kaka wa Machui. Wallahi umesema la maana na mie sipingani nawe, nnachosema joto na panga ni kitu kimoja. Sikiliza kilichotokea Uingereza. Mwaka 2001 watafiti walichapisha kazi juu ya vipepeo aina 46 ambao kule kwao ndo mwisho wao wa kaskazini, yaani baridi ndo ilikuwa inawazuia. Joto limepanda, ungetarajia wote wastawi wasonge mbele. Kumbe robo tatu yao walikuwa wamepungua ndani ya miaka 30. Kwa nini, kwa sababu mashamba makubwa na ujenzi umekata makaazi yao vipande vipande, joto limewafungulia mlango lakini njia ya kwendea mlangoni haipo. Walioongezeka ni nusu ya wale wanaoruka mbali na kula popote. Wale wanaochagua mahali maalum, asilimia 89 walipungua.

Kwa hiyo huwezi kusema ni hiki tu au kile tu. Joto linamwambia hama, panga linamwambia huna pa kuhamia. Na kwetu sie ambao mlima hatuna na kaskazini hatuna, pa kuhamia ni mahali pamoja tu, kivulini. Dada Tumbe ameliona kwa macho yake pale Ngezi. Mwaka 2019 watafiti walikusanya vipimo vya misitu ya dunia nzima wakaona wakati wa joto kali chini ya miti kuna nafuu ya wastani wa nyuzi 4 kuliko nje. Nyuzi 4! Hiyo ni sawa na kupanda mlima wa zaidi ya mita 600, na wewe unaipata kwa kuvuka mstari wa miti. Mlima wetu ni msitu. Jozani, Ngezi, Kiwengwa, Masingini, na vile vichaka vya maweni ambavyo watu wanaviona takataka. Ukikata kichaka cha maweni kaka unakuwa umekata mlima.

Kaka wa Machui

Hapo tumekutana. Nyuzi 4 sikuwa nazijua. Ila basi uandike hivyo hivyo kwa herufi kubwa, maana kwenye semina zote nilizokaa wanatuambia joto joto joto halafu tunapewa soda tunarudi nyumbani, hakuna aliyewahi kutuambia kwamba kichaka cha nyuma ya nyumba yangu kina kazi kwenye hayo mambo.

mfugaji_kusini

Salaam. Mie nafuga vipepeo, niko upande wa Pete huku karibu na Jozani, nnaweza kuwaambia habari za bandani maana huko ndo tunaliona joto kwa karibu.

Kwa asiyejua kazi yetu, tuna banda la nyavu, ndani tumepanda miti ile ambayo kila kipepeo anaipenda kwa kutagia, tunawaingiza madume na majike, jike anataga tunakusanya mayai, viwavi tunawalisha majani mabichi kila siku mpaka wanageuka pupa, yaani kile kifuko ambacho kiwavi anageukia kipepeo ndani yake, pupa ndo tunauza. Wanasafirishwa mpaka nje kwenye mabanda ya maonyesho, na hapa hapa wageni wanakuja kituoni kutazama.

Kwanza watu hawajui kuwa kipepeo hatagi popote. Kila mmoja na mti wake. Ukimpa kiwavi wa mndimu majani ya mstafeli atakufa na njaa majani yapo mbele yake. Kwa hiyo kabla hujamfuga kipepeo unafuga mti, na mti nao unalihisi joto. Kaskazi ikiwa kali na vuli imekuwa haba, majani yanakuwa magumu hayana maji, machipukizi hayatoki, na kiwavi mchanga aliyetoka kwenye yai leo meno yake hayawezi jani gumu anataka lile laini la ncha. Hapo unaweza ukapoteza kizazi kizima na hakuna ugonjwa hakuna mdudu, ni jani tu limekuwa gumu.

Pili ni muda. Joto likizidi kidogo kiwavi anakua haraka, anageuka pupa haraka, na pupa anapevuka haraka. Mtu wa nje anasema safi sana mnavuna mapema. Hapana. Anageuka kabla hajashiba sawa sawa kwa hiyo anatoka kipepeo mdogo, jike mdogo ana mayai machache. Na pupa akipevuka haraka anatoka akiwa njiani ndani ya boksi, mbawa zinatoka zimejikunja hana pa kuning'inia kuzinyoosha, huyo hawezi kuruka tena maisha yake yote. Nyinyi mnajua maumivu ya kufungua boksi ukakuta hivyo?

Sie bandani tunaweza kuweka makuti juu, tukamwagia maji asubuhi na jioni. Yule wa porini nani amwekee makuti?

Mzenj wa Leicester

Ndugu zangu mie niko Uingereza miaka mingi, nimefurahi kuuona uzi huu maana alichokisema Uwandani nakishuhudia uani kwangu. Kuna kipepeo wa huku rangi ya machungwa, kingo za mbawa zimechanika chanika kama jani kavu, chini ya ubawa ana alama nyeupe kama herufi C, kisayansi Polygonia c-album. Wazee wa huku watakwambia mwanzoni mwa karne ya 20 huyu alibaki sehemu chache tu karibu na mpaka wa Wales, leo yuko mpaka Scotland. Viwavi wake zamani walitegemea sana mmea wa kutia kwenye bia, mashamba yake yakapungua, wakahamia kwenye mmea mwitu unaowasha ngozi ambao uko kila mtaro. Joto limemfungulia njia na chakula kimekuwa kila mahali, basi akasonga.

Lakini msije mkadhani wote wako hivyo. Ulaya nzima walipima kati ya 1990 na 2008, joto lilikuwa limesogea kaskazini kiasi cha kilomita 249, jamii za vipepeo zimesogea kilomita 114. Ndege ndo wako nyuma kabisa, kilomita 37. Kila kiumbe anakwenda kwa mwendo wake, na hapo ndo matatizo yanapoanza, ndege anayelisha makinda yake viwavi anafika viwavi wamekwisha au hawajafika.

Mwl Chake

Mie ni mwalimu wa skuli, niulize kwa ajili ya wanafunzi. Mnasema joto linawasogeza, je linawabadilisha wenyewe pia? Maana kuna wakati tunaona wale wa kahawia wana macho makubwa yamechorwa kwenye mbawa na wakati mwengine hawana, wanafunzi wakasema ni aina mbili tofauti.

Uwandani

Mwalimu ahsante sana, hilo swali wallahi ndo tamu kuliko yote.

Kuna kundi la hao wa kahawia, Bicyclus, na mmoja wao Bicyclus anynana wa mashariki na kusini mwa Afrika amefugwa maabara Leiden kule Uholanzi kutokana na mbegu iliyotoka Malawi, amesomwa miaka na miaka. Huyo ana sura mbili. Waliozaliwa wakati wa mvua wana macho makubwa yenye duara la manjano pembeni mwa mbawa, wa kiangazi macho yamefifia karibu hayaonekani, wako rangi ya jani kavu tupu. Baba mmoja mama mmoja, mwalimu, ndugu kabisa wa tumbo moja.

Sababu yake ni maisha. Wakati wa mvua majani ni mabichi, kipepeo wa kahawia anaonekana tu, basi yale macho yanamvuta ndege au mjusi adonoe ukingo wa ubawa badala ya kichwa, kipepeo anaondoka ubawa umepasuka lakini roho anayo. Kiangazi majani yamekauka chini, dawa ni kujificha, jicho lolote litamtaja.

Na nani anamwambia kiwavi avae nguo gani? Joto. Kiwavi anapokaribia kugeuka pupa mwili wake unapima joto la siku zile, kule Malawi siku za joto maana yake mvua imekuja, siku za baridi maana yake kiangazi, basi mwili unaamini unatengeneza sura inayofaa. Sasa fikiria msimu ambao joto limepanda lakini mvua haikuja. Kiwavi amepima joto, amesema mvua hiyo, anatoka kipepeo ana macho makubwa anang'aa juu ya majani makavu. Amevaa nguo za masika kiangazi kikiwa kimeshika. Ndege wanamuona wote.

Hiyo ndo hatari ambayo watu hawaizungumzi, sio joto tu kuwa kali, ni joto na mvua kuachana. Viumbe wengi wanatumia kimoja kukijua chengine. Wakulima nao wamezoea ivo ivo, bibi yake dada Tumbe alikuwa anasoma mvua kwa vipepeo.

Mgeni2020

Mie nimesoma yote lakini niseme ukweli wangu, nina mndimu nyuma ya nyumba, na hao viwavi wanautafuna mpaka vijiti vinabaki. Wakipungua mie nashukuru. Na mahindi yaliliwa na viwavijeshi vamizi, tangu waingie Afrika 2016 hatujapumzika. Kwa nini niwaonee huruma?

mfugaji_kusini

Ndugu yangu Mgeni ngoja nikueleze kwa upole maana malalamiko yako ni ya watu wengi na ni ya haki.

Hao wa mahindi ni wengine, ni nondo, na asili yao Amerika. Hao kweli ni balaa na joto linawazidishia vizazi. Wa mndimu wako ni Papilio demodocus, yule mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano anayekatisha uani. Kesho asubuhi nenda katazame mndimu wako vizuri kabla hujapiga dawa. Kiwavi wake akiwa mchanga utadhani kinyesi cha ndege kimedondoka juu ya jani, kahawia na weupe, unyevu unyevu, ndege wanampita hivi hivi. Akikua anabadilika anakuwa kijani ana mistari ya kahawia ya mshazari. Mguse kidogo mgongoni kwa kijiti. Nyuma ya kichwa chake zitachomoza pembe mbili laini za rangi ya machungwa na itatoka harufu kali ya ndimu iliyooza, ndo silaha yake hiyo hana nyengine. Mndimu mkubwa ukiliwa majani kidogo unachipua, usiwe na wasiwasi. Ukiwa ni mche mdogo waokote kwa mkono uwahamishie kwenye mdanzi au mlimau mkubwa, kazi ya dakika chache. Dawa itaua hawa, itaua na nyuki wanaokuzalishia ndimu zako, na itaua nyigu wadogo wanaotaga ndani ya viwavi, na hao ndo walinzi wako wa bure.

Uwandani

Naongezea hapo hapo. Papilio demodocus si wa kumlilia sana kwa sababu ni wa wale wanaoruka mbali, anaweza jua, na chakula chake sie wenyewe tumempandia kila ua kutoka Mkokotoni mpaka Makunduchi. Joto likipanda huyu pengine ataongezeka. Na yule wa rangi ya machungwa mwenye ncha nyeusi, Danaus chrysippus, naye hana neno, kiwavi wake anakula mimea yenye utomvu mweupe wa sumu inayoota kwenye magofu na pembeni mwa barabara, na ile sumu inamlinda.

Ndo mana mtu anaweza kusema mbona vipepeo wapo tele! Wapo, ila ni hao hao. Kinachopungua ni aina, wanabaki wale wanaoweza kila kitu na wanaondoka wale wa mahali maalum, uani kwako hutoliona hilo, mpaka uingie msituni.

bint_Tumbe

Basi tuseme tufanye nini maana mie sipendi uzi unaoisha kwa kusikitika. Nina sehemu nyuma ya nyumba, kuna mikarafuu ya babu na kipande kitupu. Nipande nini?

mfugaji_kusini

Dada kwanza kile ambacho kipo usikifyeke. Magugu ya mpakani, vichaka vya ukingoni, viache angalau upande mmoja. Halafu:

mstafeli na mtopetope, hiyo miti ya jamii moja wanaipenda Graphium, wale wenye mbawa za madirisha ya kijani au meupe. Mpesheni ukipanda kwenye ua unaletea Acraea wekundu wadogo. Jamii ya mijohoro ni ya wale weupe na wa manjano wanaosafiri, ndo hao aliokuwa akiwasema bibi yako. Kunde na mbaazi utapata vile vidogo vya buluu Lampides boeticus, hao wanaingia ndani ya maganda, kwa hiyo kubali kugawana nao kidogo. Ndimu umeshaambiwa.

Na panda kwa kufuatana sio mmoja hapa mmoja kule juani. Yule wa kivuli anataka kivuli kilichoungana.

Kaka wa Machui

Hiyo ya kivuli kilichoungana ndo tuipeleke kwenye shehia. Huku kwetu kuna mstari wa miembe ya zamani kutoka kwenye mashamba mpaka karibu na Masingini, imebaki na mapengo. Tukijaza mapengo kwa miembe, mishelisheli, mifenesi, watu wanapata matunda na mbao za baadae, hakuna atakayekataa. Mkiwaambia watu tunapanda kwa ajili ya vipepeo watacheka, mkiwaambia fenesi na kivuli watakuja na majembe. Mie nitaongea na sheha wetu na vijana wa timu ya mpira.

Uwandani

Kaka wa Machui Mungu akubariki, hilo ndo jibu nililokuwa nimelificha tangu mwanzo na umelitoa vizuri kuliko ambavyo ningelitoa mie. Jozani imekuwa hifadhi ya taifa tangu 2004 na Ngezi ina ulinzi wake, hivyo ni vituo. Kinachokosekana ni njia za kivuli baina ya vituo, na njia zinapita kwenye ardhi zetu wenyewe, sio za serikali.

Kitu chengine, tuandike tunachokiona. Uingereza waliweza kusema robo tatu wamepungua kwa sababu watu wa kawaida walikuwa wakihesabu miaka na miaka. Kwetu hiyo hesabu ni ndogo mno. Mwenye simu apige picha aiweke iNaturalist, ule mtandao wa watu kurekodi viumbe wanaowaona, na tarehe na mahali, bure kabisa. Mwalimu wa Chake nakuomba wewe hasa, wape wanafunzi njia moja fupi nyuma ya skuli waipite kila wiki saa zile zile waandike wanachokiona, mvua imenyesha au haijanyesha.

Mwl Chake

Nimelipokea. Tuna njia inayoshuka bondeni, nusu kivuli nusu jua, tutaanza muhula ukifunguliwa. Picha zipigwe vipi ili mtu aweze kumtambua?

Uwandani

Mbili kwa kila mmoja mwalimu, juu ya mbawa na chini ya mbawa, maana wengi juu wanafanana na tofauti iko chini. Asubuhi ndo rahisi wakiwa bado wanaota jua hawajachangamka, msogelee kutoka nyuma, kivuli chako kisimfikie maana kikimpita tu ameruka. Akiwa yuko kwenye mti piga na jani la mti wenyewe, na kama ni jike anataga ndo bora zaidi, tutajua na chakula cha mtoto wake. Ziwekeni hapa hapa nitasaidia majina nnayoyajua, na mfugaji atamalizia ya viwavi.